Maji ya Mwalo wa Mezani

Mabula, mdogo wangu,

Daktari wa macho alisema Jumatatu kwamba Mama atafanyiwa upasuaji Alhamisi, jicho la kulia kwanza, na kwamba bandeji itafunguliwa kesho yake asubuhi. Mama amekubali. Nilimwomba daktari arudie siku na saa, nikaandika, kisha nikamsomea nilichoandika. Akasema, "Ndivyo hivyo, mama, hatuko mahakamani." Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Leo ni Jumatano, mchana. Niko nyumbani, mezani kwangu, na sanduku lako la kioo, lenye ule mwalo mdogo wa mitumbwi uliouchonga, liko mbele ya daftari. Lina maji.

Najua maswali yako. Nani kayaweka? Kwa tabaka ngapi? Alifunga madirisha? Nitayajibu yote, ila hilo la madirisha utanivumilia lifike kwa zamu yake.

Kwanza yaliyobadilika. Kibanda chako cha Igoma amepanga kinyozi. Maandishi yako ya ukutani hajayafuta. Bado pameandikwa "Tunachora mabango ya aina zote", na chini yake watu wanakaa na mashuka shingoni wakinyolewa. Daraja limefunguliwa. Ulikuwa unasema utalivuka kwa miguu, ukiwa na daftari lako, uyaone maji kwa juu. Sasa gari likishapita Usagara linateremka, linapanda darajani, na kabla hujamaliza habari uliyokuwa ukimsimulia mwenzako uko ng'ambo, upande wa Sengerema. Hakuna tena kungoja kivuko, wala mayai ya kuchemsha na pilipili ndani ya karatasi, wala mimi kukushika shati kwa nyuma usidondoke ukitazama maji.

Mama nimemhamishia kwangu. Ulipokufa alikuwa bado anamtambua mtu kwa umbo akiingia mlangoni. Sasa anatutambua kwa hatua. Nilimpeleka hospitali mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya kukuzika. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ugonjwa unaoondolewa kwa upasuaji, lakini tusikawie maana ukikomaa sana kazi inakuwa ngumu. Mama akamshukuru vizuri kabisa. Tulipofika nyumbani akasema haendi.

"Nifumbue macho nione nini? Mwalo umemezwa na ziwa. Mabula yuko chini. Nyie wengine nawajua kwa sauti."

Nilimpa hoja nane. Nilikuwa nimeziandika. Alizisikiliza zote, akauliza kama chai imebaki.

Miezi ilipita hivyo. Halafu siku moja, anachambua mchele kwa vidole, akaniuliza lile sanduku la Mabula liko wapi. Nikamwambia liko chumbani kwangu, nimelifunika kwa kitenge. Akauliza kama uliweka maji. Nikasema hukuwahi. Akachambua mchele kidogo tena.

"Aliniambia nitauona mwalo wangu. Basi siku maji yatakapowekwa, nitakwenda kwa huyo daktari wako, jicho moja. Lakini msinidanganye, Nyamizi. Nikifumbua nikakuta bwawa la samaki wa mapambo, la pili mtaliacha hivyo hivyo."

Ndiyo sababu ya maji haya. Naiandika mapema ili usidhani nilipata muda wa kuchezea vitu vyako. Ni jicho moja la Mama sasa, na la pili likingojea jicho la kwanza litasema nini.

Nililifunua sanduku Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Nimeandika habari nyingi za watu wanaotengeneza vitu, na kwa kawaida naona kwanza vifaa. Niliona povu jeupe la maboksi ya televisheni, ulilolichonga likawa majabali. Niliona chandarua kikuukuu kilichokuwa nyavu, nyuzi za fedha ulizozikata zikawa dagaa walioanikwa, njiti za ufagio zilizosimama kama matete. Nilikuwa naorodhesha. Halafu nikalaza kidevu juu ya meza, macho yakawa usawa wa mchanga, na vifaa vikaondoka. Ukabaki mwalo. Mitumbwi mitatu imepinduliwa. Njia ya kutoka nyumbani inashuka, inakata kushoto pale penye mzizi. Na jiwe la Mama, lile bapa, alilokuwa akifulia na sisi tukikaa pembeni yake na matako wazi tukingoja nguo zetu zikauke.

Palipotakiwa kuwa na ziwa palikuwa shimo kavu, umelipaka rangi: kahawia karibu na mchanga, kijani, kisha nyeusi kule mbali. Na ndani ya kioo, ubavuni, kulikuwa na mistari miwili ya penseli. Wa chini umeandika "Mama". Wa juu umeandika "sasa".

Hukuniambia habari ya mistari hiyo. Nilipima. Maji yakifika mstari wa Mama, jiwe linasimama juu. Yakifika mstari wa sasa, jiwe limezama, mtumbwi mmoja umezama, na njia inaishia majini pale penye mzizi. Ndivyo ilivyo leo tangu ziwa lipande. Nikaelewa kwa nini sanduku lilikaa kavu mwaka mzima ukiwa mzima na mikono yako inafanya kazi. Tulidhani umeshindwa kupata rezini, ile gundi angavu inayoganda kama maji; kumbe hukuwa umeamua mstari.

Rezini uliipata. Alikuwa nayo Sospeter, yule rafiki yako wa Igoma anayetengeneza meza za mbao zenye mto wa kioo katikati. Chupa zako mbili zilikuwa juu ya rafu yake zimeandikwa jina lako kwa mwandiko wako wa mabango, herufi zenye vivuli. Alizifuta vumbi kabla ya kunipa. Hakusema pole, alinifundisha kazi, akanitukana kidogo kidogo, nami nikashukuru kwa njia hiyo.

"Dada Mwandishi, huo si uji. Usikoroge kwa hasira, unaingiza hewa."

"Sawa kwa sawa, kifuniko kwa kifuniko. Ukizidisha moja, itabaki kamasi milele."

"Na usimwage yote mara moja. Ikiwa nene inachemka yenyewe, inapasuka. Huku kwetu hakuna ukurasa wa masahihisho."

Nilitumia vifuniko vya dawa ya kikohozi kupimia, kama ulivyokuwa ukifanya. Niliziweka chupa juani kwenye beseni ili zilegee. Niliziba pembe za kioo kwa silikoni, nikamimina maji ya bomba kwanza nione kama panavuja, nikayafyonza kwa sponji, nikangoja pakauke kabisa. Kisha nikafungua daftari lako nitafute rangi.

Mabula, mimi nimehariri kazi za watu kwa miaka mingi. Sijapata kusoma mtu aliyetazama hivi. "Saa moja asubuhi, hakuna upepo: bati jipya." "Saa tatu, jua begani: bati lile lile, lakini mtu anatembea juu yake." "Saa saba: maji yaliyooshewa mchicha." "Kabla ya mvua: chini ya sufuria." "Baada ya mvua, mdomo wa mto: chai ya maziwa, na mstari mahali chai inapokutana na mchicha." Kurasa na kurasa. Hakuna mahali umeandika buluu.

Nilikumbuka kivuko. Ulikuwa na chupa ya jemu umeifunga kamba shingoni. Ukaishusha, ukachota, ukainua mbele ya uso wangu. "Dada, wewe ni mtu wa ukweli. Hii rangi gani?" Nikasema haina rangi. "Na lile?" ukanionyesha ziwa lote. Nikasema kijani. "Basi kijani imeenda wapi?" Abiria mmoja akakuambia imebaki ng'ambo imekosa nauli. Ulicheka, lakini ulibeba ile chupa mpaka nyumbani, ukaiweka dirishani wiki nzima, kama vile ingebadili mawazo.

Nilichanganya tone la kijani kwa ncha ya njiti, na nusu tone la kahawia. Tabaka la kwanza nilimimina Jumatatu ya wiki iliyopita, kule kwenye kina. Nilitarajia kazi ya mikono. Sikutarajia ile saa iliyofuata. Rezini iliondoka kwenye kikombe kama asali, ikashuka, ikaanza kutafuta njia. Ilizunguka matete. Iliingia kati ya majabali bila sauti. Vipovu vilipanda, nikapitisha moto wa kiberiti cha gesi kwa juu, haraka, kama Sospeter alivyonielekeza, vikatoweka kimoja kimoja. Na rangi uliyopaka chini ikaanza kurudi nyuma. Ilikuwa rangi juu ya povu, ikawa kina. Nilikuwa natazama kitu chenye unene wa kidole na nikahisi nikiangusha kijiko hakitafika chini.

Nilisinzia pale pale kwenye kiti, saa nane mchana, jambo nisilolifanya. Niliota nateremka ile njia, nikiwa mdogo kama mitumbwi yako. Mchanga ulikuwa na punje kubwa kama vichwa. Mama alikuwa kwenye jiwe, mgongo wake kwangu, na kila alipopiga nguo sauti ilikuja kwa kuchelewa, kutoka ng'ambo. Wewe ulikuwa majini mpaka kiunoni, umesimama, umeinamia chupa ya jemu. Nilitaka kukuuliza mstari upi. Sikuuliza, kwa sababu katika ndoto nilijua tayari. Nilipoamka nilikuwa nimesahau. Naripoti kama ilivyokuwa.

Jumanne niliweka tabaka la pili. Lilifika milimita chache chini ya mstari wa Mama. Hapo nikasimama, kama ulivyosimama wewe.

Unajua msimamo wangu. Huandiki kilichokuwa ukasema ndicho kilichopo. Nimewarudishia vijana habari kwa kosa hilo. Mwalo wa leo uko chini ya maji, na mtu akimimina rezini mpaka mstari wa chini anapamba. Kwa hiyo Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikavuka daraja kwenda kuthibitisha.

Hakukuwa na mtu nimjuaye. Njia inashuka, inakata kushoto penye mzizi, na inaingia majini. Nilivua viatu, nikapandisha gauni, nikaenda mbele nikihesabu hatua kutoka kwenye mzizi, kwa sababu wewe uliziweka hatua hizo sawasawa kwenye sanduku. Nilipofika niliinua mguu, nikakanyaga, na lilikuwepo. Jiwe. Bapa, na utelezi wa majani. Maji yalinifika magotini. Nilitafuta kwa kidole gumba cha mguu ule ufa wa upande wa kulia, nikaupata. Nilisimama pale muda gani sijui, sikutazama saa. Mwanga ulikuwa ukicheza chini ya maji juu ya miguu yangu, na kwa kitambo miguu ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mfupi anayesubiri nguo. Kisha mvuvi mmoja kwenye mtumbwi akapaza sauti, "Mama, umepotelewa na nini hapo?" Nikamwambia sijapotelewa. Akasema, "Basi toka, kuna konokono wa kichocho." Nikatoka.

Nilirudi nikiwa na uhakika wa jambo moja tu: jiwe lipo, maji yako juu yake. Mstari wa sasa ndio wa kweli. Nikaamua Alhamisi nimimine tabaka la tatu mpaka mstari wa Mama, jembamba, liwe uso wa kwanza, likauke. Na Ijumaa nimalizie mpaka wa juu, nilizamishe jiwe. Uamuzi ulikuwa umefanyika.

Sasa madirisha.

Alhamisi nililisogeza sanduku dirishani nipate mwanga, maana uso wa maji unataka mwanga wa ubavuni ili uone kama umelala sawa. Nilifungua dirisha kwa sababu ya harufu. Nilikuwa nimempigia Sospeter, nimeangalia hali ya hewa kwenye simu, nimesoma karatasi ya maelekezo mara mbili. Nilimimina saa mbili na nusu. Ulikuwa uso mzuri, bati jipya kabisa. Saa tatu nikaitwa kazini, kikao cha dharura. Nikafunga mlango, nikaenda.

Kitu kimoja sikukiangalia, nacho kilikuwa mbele ya macho yangu nikimimina. Sikutazama ziwani. Mtoto wa darasa la kwanza wa Mwanza angetazama. Kulikuwa na moshi juu ya maji, nguzo mbili, zinaegemea huku kwetu.

Nilirudi saa saba. Ule moshi ulikuwa sami, na walikuwa wamepita. Walikuwa kwenye pazia, kwenye kuta, kwenye chai niliyoiacha, na walikuwa ziwani kwako. Wale wadudu wadogo wasiofanya kitu ila kutoka majini, kuruka siku moja na kufa, walikuwa wameona maji wakayashukia. Rezini ilikuwa imeshaanza kushika. Wengine walikuwa bado wanatikisa bawa moja.

Sikulia ulipokufa, nilikuwa naandika saa ya kila kitu. Siku hiyo nilikaa chini sakafuni na kibanio cha nyusi mkononi, nikasema jina lako kwa sauti, kama mtu anayemwita jirani.

Nilipomtoa wa kwanza alinyanyua uzi wa rezini. Nikampigia Sospeter. Akasema, "Acha! Usiguse! Ukigusa sasa utaacha makovu. Ngoja ikauke, tutasugua kwa msasa, tutamwaga juu. Wewe si mtu wa Mwanza? Umefungulia sami dirisha?" Nikasema ndiyo, nimewafungulia. Halafu akasema kwa upole, jambo lililonitisha zaidi, "Hata Mabula aliwahi. Mara moja."

Hukuniambia hilo pia.

Ijumaa ilikuwa imekauka. Niliwatoa walioanguka nchi kavu na kwenye mitumbwi. Waliobaki majini niliwahesabu: thelathini na saba. Nikachukua msasa. Kabla ya kuanza nikalaza kidevu mezani kama siku ile, nipime kazi ilivyo kubwa. Jua lilikuwa ubavuni.

Naandika hili taratibu ili nisizidishe. Kila sami, kabla hajashikwa, alikuwa amejizungusha. Alikuwa ameacha duara dogo, na mkia wa duara mahali alipojaribu kuruka. Rezini ilikuwa nzito kiasi cha kuyatunza hayo na nyepesi kiasi cha kuyalainisha. Uso wote ulikuwa na viduara, vingine vimegusana, vingine peke yake. Nilisogeza kichwa, na maji yakasogea.

Ulikuwa unalalamika kila sanduku. Ulipiga mawimbi kwa brashi na gundi nyeupe, ulipaka povu kwenye miamba, ulivuta matuta kwa njiti, na kila ukimaliza ulikuwa unasema maneno yale yale: "Maji yangu yamelala, Dada. Hayajafa, yamelala. Lakini hayaoti." Mimi nilidhani unatafuta sifa.

Siripoti muujiza. Naripoti wadudu na dirisha. Lakini msasa niliurudisha kwenye droo.

Jumapili, Mama alipotoka kanisani, nilimketisha na kumfungulia kifuniko cha kioo. Nilimwambia maji yapo, hayajakamilika, na yana kosa. Sikumwambia kosa gani. Nilitaka kumwonya tu ili jicho lake lisije likanilaumu. Akasema, "Lete mikono yangu."

Alianzia nyumbani. Hakuelekezwa. Kidole kiliteremka njia, kikakata kushoto penye mzizi, kikagusa mtumbwi, "Huu wa baba yenu, ameupindua vibaya kama kawaida," kikaenda mpaka kwenye jiwe. Hapo mkono wote ukafunguka, ukalifunika. Kisha kidole gumba kikatafuta upande wa kulia.

"Ufa kauweka. Hapa nilikuwa nabana sabuni, msinichezee."

Mkono ukashuka majini. Ulikwenda kidogo, ukasimama. Ukaenda tena, ukasimama.

"Hivi vichembe ni nini?"

Nikasema ni kosa langu. Nikasema niliacha dirisha wazi, sami wakaingia, na kwamba Sospeter anaweza kusugua. Nilisema haraka, yote kwa pumzi moja. Mama alikuwa ameinua kidole. Akakirudisha. Akapapasa kimoja, kingine, kingine, kama alivyokuwa akichambua mchele. Halafu akacheka, kile kicheko cha kooni ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukuzike.

"Basi ni asubuhi."

Akanieleza, akiwa bado anapapasa. Asubuhi za sami maji yalikuwa yanafanya ngozi. Wanawake walikuwa wanangoja na beseni zao kichwani, midomo imefungwa wasije wakawala, na asiyeweza kunyamaza alikuwa anawala tu. Mama mmoja alikuwa akiwakusanya kwenye ungo, anawatwanga, anawafanya maandazi meusi, na sisi watoto tuliyapenda. Hayo nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nikaanza kuonja kitu mdomoni.

"Mabula alijuaje ni saa ile? Sikumwambia saa." Nikamkumbusha kwamba siyo Mabula, ni mimi. Akasema, "Wewe? Wewe hata sufuria huoshi ikatakata." Kisha akanishika mkono, akauacha juu ya jiwe chini ya wake.

Ndipo nikamwambia habari ya mistari miwili. Nikamwambia ukweli ni mstari wa juu, na kwamba bado nina rezini ya kutosha, na kwamba aliniambia nisimdanganye. Aliuliza kama nimeyaona maji ya sasa kwa macho yangu. Nikasema nimesimama juu ya jiwe, maji magotini.

"Jiwe lipo?"

Lipo, Mama.

"Na ufa?"

Niliugusa kwa kidole cha mguu.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesomewa barua na kuridhika nayo. "Basi hilo la sasa nitakwenda kulitazama mwenyewe. Hili liache hapa lilipofika."

Nimetafuta kosa katika sentensi hiyo tangu Jumapili, kama ninavyofanya kazini, na sijaliona.

Kwa hiyo, Mabula, maji yako yameishia kwenye mstari wa Mama. Mstari wa sasa sikuufuta. Nimeuacha kwenye kioo, mtu akitazama vizuri atauona juu ya kila kitu, unapita angani kama waya. Na nimefanya jambo moja bila kukuuliza. Kazini kwetu picha ya zamani haikatazwi. Kinachokatazwa ni kuichapa bila maelezo chini yake. Nimekata kipande cha kadi, nikaandika kwa mwandiko wangu mbaya, maana mwenye mwandiko mzuri hayupo: "Mwalo wa Mama, asubuhi ya sami, kabla maji hayajapanda. Kazi ya Mabula. Maji: dada yake." Nimeibandika chini ya kioo, mbele. Sospeter amekuja kuitazama. Alikagua pembe, akapiga kioo kwa ukucha, akasema panavumilika. Alipofika mlangoni akarudi, akalaza kidevu mezani, akakaa hivyo muda mrefu kuliko mtu anayekagua pembe.

Nakuaga hapa, ndugu yangu. Daftari lako nitalitunza, na si kwa kulifungia kabatini. Nikivuka daraja nitaandika saa na rangi, kwa utaratibu wako, na sitaandika buluu. Ukurasa wa kwanza wa upande wangu nimeshauanza. Kutoka juu, saa nne, upepo kidogo: nimeandika, nikafuta, nikaandika tena "mtu amelala, shuka linapumua." Najua ungeikosoa. Ikosoe.

Kesho saa moja na nusu tunatakiwa kuwa hospitali, Mama akiwa hajala. Ijumaa saa tatu asubuhi wanafungua bandeji. Nimeomba kuingia na sanduku, muuguzi amekubali alimradi nisiliweke kitandani. Juu ya jicho la pili Mama hajasema neno, nami sijamuuliza, atasema akishaona.

Jumamosi ya wiki inayofuata, baada ya daktari kumpima tena, tunavuka. Daktari amesema kutazama ruksa, kunawa uso ziwani marufuku. Gari limepatikana. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, ili tufike kabla upepo haujaamka, na Mama ameagiza kwamba kabla ya kufungua mlango mtu atazame kwanza ziwani.

Dada yako,
Nyamizi